Wastani Haujifungui: Mzee Funika Anatuaga

Muuguzi mkuu wa hospitali ya ng'ambo ya mashariki alisema kwa simu Jumatatu asubuhi kwamba ufunguo wa tangi la dizeli bado uko mfukoni mwake, na utabaki humo mpaka tarehe kumi na mbili ya mwezi ujao, siku ambayo kamati ya afya ya baraza la jimbo lake itakaa. Habari hiyo ilipofika katika chumba cha chai cha Kitengo cha Takwimu za Afya, watu walipiga makofi. Aliyepokea simu hakupiga. Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, kisha akaomba apitishiwe sukari.

Huyo ndiye tunayemuaga. Ijumaa hii, tarehe thelathini, anastaafu baada ya miaka thelathini na miwili ya kulinganisha majimbo ya nchi hii: wapi watoto wachanga wanapona, wapi wanakufa, na kwa nini. Kwenye mlango wa ofisi yake pameandikwa Mtakwimu Mwandamizi. Ndani ya jengo, kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi, anaitwa Mzee Funika. Msomaji asiyejua habari za ufunguo na dizeli avute subira kidogo. Kwa Mzee Funika kila jambo huelezwa kuanzia mwanzo, na anayeruka hatua hurudishwa nyuma kama mwanafunzi.

Aliajiriwa akiwa kijana mwembamba mwenye suruali iliyomshinda urefu, akapewa meza katika chumba cha chini ambacho madirisha yake yalikuwa yamepakwa rangi pamoja na komeo, kwa hiyo hayakufunguka tena. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kujumlisha vifo vilivyoripotiwa na zahanati. Wenzake wa wakati ule wanasema alijumlisha haraka, halafu akakaa akiangalia jumla kama mtu aliyeletewa chakula ambacho hakuagiza. Mkuu wake alipomuuliza kulikoni, alijibu kwamba jumla anaiona, ila haioni sababu. Aliambiwa sababu si kazi ya chumba kile. Aliendelea kuitafuta hata hivyo.

Swali lililomshika lilikuwa jepesi kulitamka. Majimbo mawili yako nchi moja, yanatumia dawa zilezile na wauguzi waliosoma vyuo vilevile. Mbona katika hili watoto wanapona na katika lile hawaponi? Je, anayekaa kwenye kiti cha ukuu wa jimbo anahusika, au kiti ni kiti tu na afya ina mambo yake? Watu wengi huwa na jibu la swali hili kabla ya kumaliza kulisikia. Mzee Funika naye alikuwa nalo, na lilimponza.

Ilikuwa katika mwaka wake wa sita kazini. Takwimu zilionyesha kwamba katika jimbo moja vifo vya watoto wachanga vimepungua kwa robo nzima ndani ya mwaka mmoja. Jimbo hilo lilikuwa la kwao. Mkuu wa jimbo hilo alikuwa mtu aliyekaa naye dawati moja shuleni, wakigawana kalamu. Kijana wetu aliandika kwa mkono wake mwenyewe, katika taarifa ya mwaka, kwamba mafanikio hayo yametokana na uongozi thabiti. Wiki hazikupita nyingi, maneno hayo yakawa kwenye bango lililotandazwa juu ya barabara kuu, pamoja na picha ya yule wa dawatini akitabasamu.

Mwaka uliofuata zilifika takwimu za jimbo la jirani zilizochelewa: vifo huko vilikuwa vimepanda ghafla mwaka uleule. Hakukuwa na mlipuko wa ugonjwa wala mafuriko. Mzee Funika alishinda na ramani siku nzima, na kabla ya jua kuzama alikuwa ameona. Mipaka ilikuwa imechorwa upya. Wilaya ya milimani, isiyo na barabara wala daktari, ilikuwa imetolewa katika jimbo lile lililosifiwa na kupewa jirani. Hakuna mtoto hata mmoja aliyeokolewa. Vifo vilibaki palepale vilipokuwa. Mpaka ndio uliotembea.

Alipeleka makosa yake kwa mkurugenzi mwenyewe, bila kusubiri kuitwa. Masahihisho yalichapishwa, mafupi, ukurasa wa mwisho. Bango halikusahihishwa, lilikaa juu ya barabara mpaka jua likalifuta. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na hapa aliyemsifu mgema alikuwa hata hajaonja. Rafiki yake wa dawatini alimnunia miaka mingi. Walikuja kupatana katika harusi moja, wakacheka na kushikana mabega, lakini habari za bango hawakuzigusa.

Kutokana na kosa hilo ilizaliwa desturi iliyompa jina.

Tangu wakati ule, hakuna mchoro wa majimbo unaotoka katika Kitengo hiki ukiwa na majina kabla ya kupita ukutani. Katibu muhtasi, ambaye kwa sababu hiyo sisi sote tunamwita Bi Gundi, huchukua mchoro, akayafunika majina kwa vipande vya utepe wa gundi, akaondoa na tarakimu za pembeni. Tarakimu ziliondolewa kwa ombi la Mzee Funika mwenyewe, kwani anazijua kama majina ya wanawe, na yeye ndiye aliyekuwa hajiamini kuliko wote. Mchoro hutundikwa juu ya sinki la chumba cha chai, mahali ambapo kila mtu lazima afike. Wiki nzima watu hubishana. Mstari upi umeshuka, umeanza kushuka lini, kitu gani kilitangulia. Ijumaa kila mtu hukisia mstari upi ni wa jimbo lipi na nani alikuwa akiongoza. Kisha Bi Gundi hubandua. Aliyekosea huosha vikombe vya ofisi nzima wiki inayofuata.

Wakurugenzi wameosha vikombe. Mgeni kutoka wizarani, aliyekuja kwa ukaguzi wa siku mbili, aliosha vikombe akiwa na tai, akaomba apigwe picha. Mzee Funika naye ameosha mara nyingi, na anaosha vibaya. Bi Gundi huvirudia akishaondoka.

Mpinzani wake mkubwa aliingia ofisini miaka kama ishirini iliyopita. Ni mchumi, mwanamke wa maneno machache mwanzoni mwa wiki na mengi kuelekea mwisho wake, na tunamwita Mama Kura kwa sababu ya kauli aliyoitoa siku yake ya pili kazini: "Kura ni chanjo." Maana yake, alieleza, ni kwamba watu wakichagua vizuri wanajikinga, na wakichagua vibaya watazika. Mzee Funika alimtazama juu ya miwani yake, akamuuliza kinga hiyo inaanza kufanya kazi baada ya siku ngapi. Hawajanyamaza tangu hapo.

Hoja zao tunazijua kwa kichwa. Mzee Funika husema usiku haukosi kucha hata jogoo asipowika. Je, jua limeletwa na jogoo? Mama Kura hujibu: "Jogoo hana bajeti, kaka." Mzee Funika husema mtoto anayepona leo huenda amepona kwa sababu mama yake alisomeshwa zamani, chini ya kiongozi aliyekwisha kuzikwa. Mama Kura husema basi yule wa kaburini alikuwa na maana, umekubali mwenyewe. "Nimekubali," husema Mzee Funika, "lakini bango kapewa wa leo." Huendelea hivyo mpaka chai ipoe, na mara kadhaa tumewaona wakiondoka kila mmoja akitetea upande wa mwenzake bila kugundua.

Haikuwa mizaha mitupu. Kutokana na mabishano hayo, leo hakuna taarifa ya jimbo inayopokelewa bila ukurasa wa kwanza kueleza kama mpaka umebadilika. Vijana wa takwimu waliopita mikononi mwake, na wako katika majimbo yote, wanajulikana kwa swali moja ambalo huwaudhi wakubwa: "Ilianza lini?" Aliwahi kupewa ukuu wa Kitengo, akakataa. Alieleza kwamba mkuu huletewa majibu, na yeye bado alikuwa anapenda maswali. Alipopewa mara ya pili alikataa kwa kifupi zaidi.

Nyumbani hali haikuwa tofauti. Mke wake, ambaye tulimwomba mchango wake kwa ajili ya jarida hili, alituambia: "Niliolewa na mtu ambaye mvua ikinyesha, anauliza ilianza lini kabla hajaanua nguo." Anasema pia kwamba mumewe aliwahi kufunika majina ya makopo ya jikoni ili kupima kama watoto wanatambua chumvi na sukari kwa macho. Walishindwa wote, naye akiwemo, na chai ya siku hiyo ilimwagwa.

Kati ya majimbo yote, aliyoyapenda ni mawili ambayo huyaita mapacha. Yametenganishwa na mto. Juu ya mto kuna daraja, na pande zote mbili za daraja kuna mji mmoja wenye jina moja: soko moja, vumbi moja, watu wanaooana kila siku kutoka ng'ambo moja kwenda nyingine. Anayeishi magharibi huenda kunyoa mashariki. Kitu pekee kinachobadilika ukivuka daraja ni nani anayekutawala. Mzee Funika alisema kama uongozi una athari yoyote kwa afya ya mtu, basi lazima uonekane pale, kwa sababu pale hakuna kingine cha kusingizia.

Kwa muda mrefu mistari ya mapacha ilitembea pamoja kama ng'ombe wa plau. Kisha mmoja ukaanza kushuka, na ukaendelea kushuka. Mchoro uliwekwa juu ya sinki, majina yamefunikwa. Ofisi nzima ilikisia kwamba mstari ulioshuka ni wa magharibi. Mkuu wa jimbo la magharibi alikuwa mtu wa mikasi na utepe mwekundu. Alikuwa amefungua wodi kubwa ya wazazi yenye milango ya kioo, na kila mtu alikuwa ameiona kwenye televisheni. Mkuu wa jimbo la mashariki hakuna aliyekumbuka hata sura yake. Mama Kura aliapa kwa vikombe vyote vya ofisi. Bi Gundi akabandua. Ilikuwa mashariki.

Mama Kura aliosha vikombe, lakini alikuwa anaimba. Kwake hakuwa ameshindwa: amekosea mtu, hajakosea hoja. Yule bwana asiyekumbukwa lazima alifanya kitu. Mzee Funika alirudi kwenye mchoro, akaweka kidole mahali mstari ulipopinda, akauliza swali lake. Ilianza lini? Ilianza zaidi ya mwaka mmoja kabla ya bwana huyo kuapishwa. "Jogoo!" alisema Mzee Funika, na hatujawahi kumwona mtu akifurahi vile kwa sababu ya kuku.

Ndipo wote wawili walipompigia simu muuguzi mkuu wa hospitali ya mashariki, na hadithi ya ufunguo ikajulikana.

Zamani, alisema muuguzi mkuu, dizeli ya jenereta na ya gari la wagonjwa ilikuwa chini ya makao makuu ya jimbo. Umeme ukikatika, hospitali iliomba. Ombi lilisubiri sahihi. Sahihi ilisubiri mwenye kalamu. Msimu mmoja wa mvua umeme ulikatika mfululizo, na muuguzi mkuu akachoka. Alichukua ufunguo wa tangi akautia mfukoni. Alitumia kwanza, akaandika baadaye, na alipoulizwa aliomba radhi bila kuurudisha. Friji ya damu ikabaki baridi. Gari likawa linaondoka linapoitwa. Wauguzi wa hospitali nyingine za jimbo hilo walisikia, nao wakafanya hivyohivyo, kila mmoja akidhani mwenzake amepewa ruhusa.

Mkuu mpya wa jimbo, yule bwana asiyekumbukwa, alipoapishwa, maofisa walimpelekea malalamiko kwamba wauguzi wamevunja utaratibu. Alisoma, akauliza kama kuna mama aliyechelewa kupasuliwa tangu utaratibu uvunjwe. Akaambiwa hakuna. Akasema, "Basi waacheni." Hakusema kingine, na hakuna utepe uliokatwa.

Chumba cha chai kilianza kubishana papo hapo. Mama Kura alikuwa wa kwanza: huo ndio uongozi, alisema, kiongozi hupimwa pia kwa mkono anaouzuia. Mzee Funika aliuliza atapimaje kitu ambacho mtu hakukifanya. Je, asiyeharibu amejenga? Na kama ndiyo, wangapi wamejenga hivyo bila sisi kujua, na wangapi tumewapa mabango kwa kazi ya waliotangulia? Alionya pia kwamba dizeli peke yake haishushi mstari wa jimbo zima. Kuna wakunga, kuna barabara, kuna bahati. Swali lilibaki juu ya sinki muda mrefu kuliko mchoro wowote kabla yake. Usione vyaelea, vimeundwa. Lakini nani aliyeviunda, hapo ndipo palipotushinda.

Mambo yangeishia hapo kama binti yake asingekuwa mjamzito.

Binti huyo ni fundi cherehani, ana duka karibu na daraja, upande wa magharibi. Mtoto wake wa kwanza alizaliwa kwa upasuaji baada ya kusubiri kwingi, na safari hii daktari amemwambia asijaribu kujifungulia mahali pasipo na chumba cha upasuaji kilicho tayari wakati wote. Alimpigia baba yake. "Baba, maisha yako yote unalinganisha watu. Mimi nikajifungulie upande gani?"

Mzee Funika alimjibu kama anavyowajibu waandishi wa habari. Takwimu za jimbo haziwezi kumwambia mtu mmoja afanye nini. "Wastani haujifungui, mwanangu."

"Ndiyo maana nakuuliza wewe, sijauuliza wastani."

Mke wake alimnyang'anya simu, akamwahidi binti kwamba baba yake atajibu kabla ya Jumapili.

Alichukua likizo, jambo ambalo lilimfanya ofisa utumishi apige simu kuuliza kama kuna msiba. Alikwenda mji wa daraja, akazitembelea hospitali zote mbili, na kote aliuliza maswali yaleyale kwa mpangilio uleule. Magharibi alikuta milango ya kioo, sakafu inayong'aa, wauguzi wapole na chumba cha upasuaji kizuri kuliko alivyotarajia. Aliuliza umeme ukikatika inakuwaje. Alionyeshwa jenereta mpya. Aliuliza dizeli ikiisha inakuwaje. Muuguzi wa zamu alimjibu kwa ukweli ambao Mzee Funika anausifu mpaka leo: wanapiga simu makao makuu, na mara nyingi jibu huja siku hiyohiyo.

Mashariki alikuta vigae vilivyopasuka na rangi iliyobanduka. Chumba cha upasuaji kilikuwa zamani ghala la mashuka. Alipouliza kuhusu dizeli, muuguzi mkuu hakujibu kwa mdomo. Aliingiza mkono mfukoni.

Mzee Funika alivuka daraja kwa miguu hadi dukani kwa binti yake, akamwambia: mashariki. Mke wake alipopewa habari alisema, "Kumbe neno hilo moja ndilo alilokuwa akilitafuta muda wote huu."

Jumatatu iliyofuata, Mama Kura alimpangia vikombe vichafu mbele yake, vyote. "Umekiri," alisema.

"Sijakiri. Nimechagua ufunguo, sijachagua mkuu wa jimbo."

"Na ufunguo umekaa mfukoni mwa yule mama kwa ruhusa ya nani?"

 Mzee Funika alikunja mikono ya shati akaosha vikombe. Mpaka leo hajasema kama alivikubali kama adhabu au alitaka tu kuwa na shughuli.

Kisha ulikuja uchaguzi. Yule bwana wa mashariki asiyekumbukwa alimaliza muda wake akaondoka kimya kama alivyokaa. Aliyechaguliwa ni mtu wa utaratibu, na wanaomfahamu wanasema hana nia mbaya. Mafuta ya serikali yamekuwa yakiibwa katika idara nyingi za jimbo hilo, na aliahidi kuukomesha wizi huo. Waraka wake wa kwanza uliagiza funguo zote za matangi, zikiwemo za hospitali, zirudishwe makao makuu. Muuguzi mkuu wa mashariki alipinga kwa maandishi, na kamati ya afya ya baraza ikakubali kusikiliza hoja kabla waraka haujaanza kutumika kwa hospitali.

Hapa ofisini, Mama Kura ndiye aliyeona kwanza kilichokuwa mbele yetu. Alikisema polepole, kijiko kikiwa hewani. Mto uleule. Hospitali ileile na muuguzi yuleyule. Mvua ileile. Kitu kimoja tu kinabadilika, nacho ni sahihi ya mtu mmoja. Ufunguo ukiondoka na mstari ukapanda, swali la miaka yote litakuwa limejibiwa. Ukiondoka na mstari usitikisike, litakuwa limejibiwa pia. Hakuna mtakwimu popote anayeletewa jaribio safi kama hilo mezani. Kinachotakiwa ni kukaa na kungoja.

Wote tulimgeukia Mzee Funika. Alikuwa anakoroga chai ambayo hajaitia sukari.

"Sitaki kujua," alisema.

Katika chumba hicho hakuna aliyewahi kumsikia akitamka maneno hayo, wala hakuna aliyecheka. Mwaka mzima wa mstari kupanda ni watoto wa watu, na mwaka huu mmoja wao ni mjukuu wake. Lakini hakuishia kwa mjukuu. Alisema kwamba kwa muda wote aliokaa hapa amekuwa akihesabu yaliyokwisha kutokea, ambayo hakuna awezaye kuyazuia, na udadisi wake haukumdhuru mtu. Hili halijatokea. Kulitazama tu likitokea, ili yeye na Mama Kura wajue nani aoshe vikombe, hataweza.

Siku hiyohiyo aliiandikia kamati akiomba asikilizwe. Hatakwenda kama ofisa, kwani atakuwa amestaafu. Atakwenda kama baba wa fundi cherehani. Hatakwenda kumpinga mkuu mpya wa jimbo wala kutetea wezi wa mafuta. Anapendekeza funguo za hospitali zibaki hospitalini na hesabu za dizeli zikaguliwe kila wiki na makao makuu. Mama Kura alimkumbusha kwamba akifanikiwa, mstari hautapinda, na hawatajua kamwe nani kati yao alikuwa na haki.

"Basi tusijue, dada."

Mama Kura alifikiri kidogo, akasema atakwenda naye. Alitoa sababu kwamba karatasi ya mchoro ni pana na inahitaji mtu wa kuishika upande wa pili, na kwamba Mzee Funika akiachwa peke yake ataifunika yote.

Kitengo kinamshukuru kwa kazi ambayo wengi nchini hawataijua, na kwa ubishi ambao umetuokoa na mabango mengi. Vijana wanamshukuru kwa kuwaruhusu wakosee hadharani na wacheke. Bi Gundi anamshukuru kwa kumwamini na siri za majimbo yote, ingawa vikombe, anasema, hatavisamehe. Mzee Funika, nenda ukapumzike kwa namna yako, maana ya kwetu hutaiweza. Mwenyezi Mungu akupe afya, mke wako akupe nafasi ya kuuliza, na wajukuu wakupe majibu usiyoyatarajia. Mvua ikinyesha, tunakusihi, anua nguo kwanza.

Hafla ya kumuaga itafanyika Ijumaa saa nane mchana katika chumba cha chai. Mkurugenzi atatoa zawadi, na Mzee Funika ameomba hotuba ya mkurugenzi isizidi muda wa mtu kupita na kikombe. Kamati ya afya ya baraza la jimbo la mashariki itakaa tarehe kumi na mbili saa tatu asubuhi, na yeye ni wa kwanza kusikilizwa. Bi Gundi amekwisha kufunika majina. Wajumbe wataombwa wakisie kabla ya kubandua. Binti yake anatarajiwa kujifungua wiki inayofuata. Mkoba wake uko mlangoni, upande wa magharibi wa daraja, na amekwisha kuzungumza na dereva wa kumvusha.